Kigogota wa Mombasa: Seremala Anayewajengea Wengine

Baada ya sala ya Alfajiri, kabla magari hayajaanza kunguruma, mji hutulia kidogo na sikio husikia mengi. Jogoo hujibizana, kunguru hulia juu ya mapaa, na upande wa shamba, penye miti mikubwa, mara husikika mgoto: ko, ko, ko, kimya kidogo, kisha ko, ko, ko tena. Mtoto huuliza, "Mama, nani anabisha hodi?" Mara nyingi humjibu kuwa ni ndege tu, kisha twaendelea na chai yetu. Wiki hii tungependa kulijibu swali la mtoto huyo kwa utulivu, kwani nyuma yake mna mambo yanayotuhusu sisi, nyumba zetu na meko yetu.

Anayebisha ni kigogota. Wengine humwita gogota, na wenzetu wa upande wa bara humwita kigong'ota. Jina lake limetokana na kazi yake: huugota mti, husikiliza, kisha huugota tena. Duniani mna aina zaidi ya 200 za vigogota. Hawapatikani Australia wala Madagaska, lakini karibu kila msitu mwingine wa nchi za joto una aina yake. Na katika hizo zote, moja limebeba jina la mji wetu.

Ndege mwenye jina la mji wetu

Katika vitabu vya elimu ya ndege anaitwa Campethera mombassica, yaani kigogota wa Mombasa. Waliomwandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1884, ni Wajerumani wawili: Gustav Fischer, tabibu na msafiri aliyezunguka sana katika pwani hii na bara yake, na Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Berlin. Bila shaka wenyeji walikuwa wakimjua na kumsikia karne nyingi kabla ya hapo.

Makazi yake ni ukanda wa pwani, kuanzia kusini mwa Somalia, kupitia Kenya, hadi kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Hapatikani kwingine duniani. Ukiitazama ramani ya nchi yake utaona kwamba inakaribiana mno na ramani ya sehemu kubwa ya Uswahilini. Kwetu Kenya huonekana katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, katika Shimba Hills kule Kwale, na katika mabaki ya misitu iliyo karibu na bahari. Kwa muda mrefu wataalamu walimhesabu kuwa ni tawi la kigogota mwenye mkia wa dhahabu, ambaye ni ndugu yake wa kusini mwa Afrika. Siku hizi huhesabiwa kuwa aina inayojitegemea.

Si ndege mkubwa, lakini mavazi yake yanapendeza. Mgongo wake ni wa kijani kilichochanganyika na rangi ya dhahabu, umetiwa vidoadoa vidogo vyeupe kama nakshi ya kofia. Kifua chake ni cheupe chenye michirizi meusi. Mkia nao una mng'ao wa dhahabu. Kisogoni ana wekundu unaong'ara, na kwa huo hutambulika dume na jike: wekundu wa dume hupanda mpaka utosini, na wa jike hukomea kisogoni. Akitulia kwenye gome penye mwanga na kivuli, jicho huweza kumpita mara tatu bila kumwona.

Tusimchanganye na hudihudi, yule ndege wa Nabii Suleiman (a.s.) anayetajwa katika Suratun Naml. Hudihudi ana kishungi kichwani na hutafuta chakula chake ardhini. Kigogota ni mtu wa mitini.

Kila kiungo na kazi yake

Tukimtazama kwa makini twaona jinsi Muumba alivyokipa kila kiungo kazi yake. Ndege wengi wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kigogota ana viwili mbele na viwili nyuma, navyo hulibana gome la mti kama koleo. Manyoya ya mkia wake ni magumu. Huyakita kwenye shina yakawa kama mguu wa tatu. Mkwezi wa mnazi hutegemea mikono na nyayo zake, na kigogota hutegemea vidole na mkia.

Mdomo wake umenyooka na ncha yake ni kama patasi. Mianzi ya pua imefunikwa kwa vinyweleo vinavyozuia unga wa mbao usiingie. Jicho nalo lina utando unaofumba kabla tu ya mdomo kuugusa mti, ili kibanzi kisilidhuru. Ulimi wake ni mrefu kuliko mdomo wenyewe. Mifupa myembamba inayoubeba huanzia kooni, huzunguka nyuma ya fuvu, kisha hupanda juu ya kichwa na kuelekea kwenye paji. Autoapo, ulimi huo hupenya ndani ya vijia vya wadudu na kuwanasa kwa mate yenye kunata.

Swali ambalo watu wengi hujiuliza ni hili: mbona kichwa hakimuumi? Miaka mingi ilisemwa kwamba fuvu lake lina mfupa kama sifongo unaomeza mtikisiko. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walitangaza jambo jingine. Waliwapiga vigogota wa aina tatu picha za video za kasi kubwa, wakapima mwendo wa kichwa kila kinapougota mti. Walikuta kwamba kichwa hakimezi mtikisiko hata kidogo. Hufanya kazi kama nyundo ngumu. Na hilo lina maana, kwa sababu nyundo laini hupoteza nguvu ya pigo, na seremala hawezi kuitumia.

Kinachomnusuru ni udogo wa ubongo wake. Kitu kidogo na chepesi hustahimili kishindo ambacho kingekiangamiza kikubwa. Sisimizi akianguka kutoka kilele cha mnazi hujiendea zake; dafu likianguka hupasuka. Subhanallah! Mwanadamu aliyejaribu kuiga kazi ya ndege huyu kwa kichwa chake asingemaliza hata asubuhi moja.

Riziki yake ndani ya gome

Vigogota wa jamii hii hula zaidi chungu, hasa wale wanaoishi mitini, pamoja na mayai na mabuu yao. Huanza chini ya shina au katikati ya tawi, akapanda kidogo kidogo, akipekua kila ufa. Hugota ili asikie kama ndani mna uwazi, kama vile mnunuzi wa tikiti anavyoligonga kwa kidole kabla ya kutoa pesa. Akisikia sauti anayoitaka, hutoboa. Kwa njia hiyo huwapunguza wadudu wanaoishi katika miti, na hatumlipi chochote.

Baadhi ya vigogota wa nchi nyingine hupiga mti kavu kwa kasi ya mapigo kumi hadi ishirini kwa sekunde, si kwa kutafuta chakula, bali kwa kutangaza kuwa hapa pana mwenyewe. Kigogota wetu na ndugu zake wa karibu hawapendi sana ngoma hiyo. Hutumia zaidi sauti ya kooni, ukelele mkali unaotokea puani, ambao ukishausikia mara moja hutausahau.

Nyumba ya kuchongwa na zamu za usiku

Watu wa zamani walisema bandu bandu huisha gogo. Hapana anayeuthibitisha msemo huo kama kigogota. Anapotaka kuatamia hutafuta mti uliokufa, au tawi lililokauka la mti ulio hai, mahali ambapo kuvu wameanza kuulainisha moyo wa mti. Kutoka nje huchonga mlango wa duara unaotosha mwili wake tu. Kisha hushuka chini ndani ya shina, akachimba chumba kirefu mfano wa mtungi. Dume na jike husaidiana kwa siku nyingi, wakitupa nje vibanzi kwa mdomo. Hawatandiki majani wala manyoya; mayai meupe hulala juu ya vibanzi vilivyosalia.

Hapa pana jambo ambalo akina baba wasomaji wetu yafaa walisikie. Katika vigogota walio wengi, dume na jike hupeana zamu ya kuatamia mchana, na usiku anayelala juu ya mayai ni dume. Mayai huanguliwa baada ya siku 11 hadi 14 hivi. Makinda hutoka wakiwa hawana manyoya wala hawaoni. Basi wazazi wote wawili huwalisha kutwa, na hutoa nje uchafu wa makinda wao ili chumba kibaki safi. Katika aina nyingi kazi hiyo huchukua wiki tatu hadi nne, mpaka kinda la mwisho liruke.

Hatusemi kwamba ndege ni dalili ya sharia. Lakini sisi tuna kigezo kilicho bora zaidi. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa sala hutoka kwenda kusali. Habari hiyo imepokewa na Bukhari. Baba anayeamka usiku kumbeba mtoto anayelia hakupungukiwa na ubaba wake.

Wapangaji wasiolipa kodi

Makinda wakisharuka, tundu hubaki tupu, na mwaka unaofuata mara nyingi kigogota huchonga jingine. Hapa ndipo ilipo siri kubwa ya maisha yake. Ndege wengi hupenda kulala na kuzaa ndani ya matundu ya miti, lakini hawana mdomo wa kuyachonga. Kwezi hawezi. Bundi wadogo hawawezi. Komba, yule mnyama wa usiku mwenye macho makubwa ambaye kilio chake huwatisha watoto, naye huhitaji mahali pa kujificha mchana. Mijusi na hata nyuki wa mwitu hutafuta uwazi katika shina. Hao na wengine huhamia katika nyumba alizoziacha kigogota. Kazi ya ndege mmoja huwa ni makazi ya umma mzima kwa miaka mingi baada yake.

Si kila mgeni mwema. Kuna ndege wa asali, wale ambao baadhi yao humwongoza mrina asali mpaka penye mzinga. Ni jamaa wa karibu wa kigogota, lakini hawajengi kiota. Jike wao hujipenyeza ndani ya tundu la mwingine, akataga yai lake na kwenda zake. Katika baadhi ya aina zao, kinda huanguliwa likiwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, nalo huwaua makinda wa mwenye nyumba. Kisha kigogota humlea mgeni huyo kama mwanawe. Haya ni maumbile, na hekima yake anaijua Aliyeyaumba.

Suratul An'aam, katika aya ya 38, hutukumbusha kwamba wanyama wa ardhini na ndege wanaoruka kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Mti mmoja mkavu ukiutazama kwa jicho hilo, huoni tena gogo. Waona mtaa, wenye mwenye nyumba, wapangaji, majirani na mwizi wake.

Mti mkavu haujafa

Kigogota wa Mombasa hahesabiwi miongoni mwa ndege walio ukingoni mwa kutoweka, Alhamdulillah. Lakini nyumba yake ni misitu ya pwani, na misitu hiyo imekatikakatika ikawa vipande. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Vingine ni vipande vidogo, zikiwemo kaya za Wamijikenda, ambazo mwaka 2008 baadhi yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wazee waliozitunza kaya hizo kwa karne nyingi waliwahifadhia pia ndege hawa mahali pa kukaa.

Bandu bandu huisha gogo, na bandu bandu huisha msitu pia. Hauondoki wote kwa siku moja. Huondoka mrihi leo, mbambakofi kesho, gunia la makaa keshokutwa. Na mti wa kwanza kuondoka mara nyingi ni ule mkavu uliosimama, kwa kuwa macho yetu huuona hauna faida. Hautoi tunda, hautoi kivuli, basi na ukatwe. Lakini kwa kigogota huo ndio mti wenye thamani kuliko yote. Mti mbichi wenye moyo mgumu humshinda kuuchonga. Mti uliokufa ndio kiwanja chake. Msitu unaweza kuonekana wa kijani kibichi kutoka barabarani na bado usiwe na mahali hata pamoja pa kigogota kulaza mayai yake.

Tunajua kwamba maneno haya yanamgusa mama zaidi ya mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye anayeamka na kujiuliza leo tutapikia nini. Bei ya gesi si ya kila nyumba, na kuni kavu ndizo zinazoshika moto upesi. Hatutaki kumwambia mama alaze watoto na njaa kwa ajili ya ndege. Dini yetu haikutufunza hivyo. Na mti mkavu ulioinamia paa au njia ya watoto wa madrasa lazima uondolewe, kwani kuzuia madhara ni wajibu.

Lakini kati ya kukata kila kitu na kutokata chochote pana nafasi pana. Yako mambo ambayo familia inaweza kuyafanya bila gharama.

La kwanza, tuutazame mti kabla ya kuukata. Tukiona tundu la duara, na ndege anaingia na kutoka, tungoje wiki chache mpaka makinda waruke. Kuni hazitakimbia.

La pili, mti mkavu ulio mbali na nyumba si lazima ung'olewe na mizizi. Matawi yakikatwa kwa kuni, shina lenye urefu wa watu wawili au watatu likiachwa limesimama, bado laweza kuwa nyumba. Vivyo hivyo kwa mwembe mkongwe wenye tawi moja lililokauka.

La tatu, tunapookota kuni, tuanze na zilizoanguka chini. Na tunaponunua makaa tuulize yametoka wapi, maana mnunuzi asiyeuliza huwa mshirika wa mkataji bila kujua.

La nne, tupande. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka, Bukhari na Muslim wameipokea. Mti wa asili wa pwani tunaoupanda leo huenda tusiuone ukizeeka. Wajukuu wetu watauona, na kigogota pia, inshallah.

La tano ni la watoto wetu, hasa wavulana wenye manati mfukoni. Abu Daud amepokea kwamba katika safari fulani baadhi ya masahaba walichukua makinda wawili wa ndege mdogo, na mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (s.a.w.) alipoona aliuliza ni nani aliyemtia huzuni kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Kisa hiki kikisimuliwa jioni moja baada ya Magharibi, kitafanya kazi kuliko viboko vingi.

Akina mama na akina baba, jumapili moja watoto wakiwa hawana shule, chukueni chupa ya maji na mikate kidogo, mwende nao penye miti mikubwa mapema jua likichomoza. Msiseme sana. Tazameni mashina badala ya majani, na sikilizeni. Mkimwona, mwonyesheni mtoto ule wekundu wa kisogo, na mwulizeni: huyu ni baba au mama? Atakayejibu sawasawa hatamsahau ndege huyo maishani mwake, na huenda akikua asikubali kuona mti wake ukikatwa bila sababu.

Sisi watu wa pwani tumelelewa kuwa anayebisha hodi haachwi mlangoni. Kigogota hubisha kila asubuhi, na nyumba anayoitafuta ni mti mmoja mkavu tu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wale wanaomwitikia "karibu", na atufanye waangalizi wema wa amana aliyotukabidhi. Amin.